Mhariri Aenda Likizo

Nyumbani,
Jumatatu, 2 Juni

Mwanangu,

Tangu nirudi kutoka stesheni jana nina hasira zinazotosha kitabu kizima, ila nitakupa kurasa mbili tu kwa kuwa wewe ni damu yangu.

Nijibu bila mzaha. Mtoto wa miezi kumi na moja anakwenda likizo kupumzika kutoka kazi gani? Tangu azaliwe kazi yake ni kula, kulala na kuchana magazeti yangu. Mtu anayeharibu maandishi ya wenzake bila kuandika lake hata mstari mmoja anaitwa mhariri, ndiyo maana nikampa jina hilo na nyumba nzima ikalifuata. Lakini hata mhariri mwenye mshahara hapewi likizo kabla mwaka haujaisha!

Unaujua msimamo wangu. Nimeendesha mtambo wa kuchapa karibu maisha yangu yote, na tangu nistaafu nimechapa kwa mkono, katika chumba cha nyuma, vijitabu vitatu dhidi ya utalii. Hakuna aliyethubutu kunijibu. Nilisema na narudia: likizo ni biashara ya kumuuzia mtu uchovu mpya baada ya kumchosha kwa ule wa zamani. Watu wazima wanapanda treni kwenda kutazama maji yakishuka mlimani, kana kwamba walitegemea yapande. Maporomoko hayatajua kama mmefika, na mkiondoka hayatauliza mmekwenda wapi. Mtoto naye hatakumbuka lolote. Utambebea nepi, chupa na chandarua, umwonyeshe ajabu ya dunia, naye atatazama kifungo cha blauzi yako.

Leo asubuhi niligonga sakafu kwa kisigino kama kawaida, nikasimama mlangoni kungoja kile kichwa kiinuke kwenye godoro. Nilisimama muda mrefu kuliko inavyompendeza mtu wa umri wangu. Ndipo nikakumbuka kwamba nimewasindikiza wote wawili.

Usinipigie simu. Simu ni chombo cha watu wasio na uhakika na sentensi zao. Andika.

Baba yako

Nyongeza: Ile chupa yenye kifuniko cha bluu inavuja. Nilikwambia.


Ndani ya treni,
Jumatatu, 2 Juni

Baba Mhariri, mume wangu,

Hii ni siku ya pili safarini, naandikia kwenye goti moja. La pili lina mwenyewe. Kondakta ameahidi kuitia barua hii kwenye mfuko wa posta, nawe utaipata huko bwawani kabla hujapata mtandao, maana najua simu yako haishiki mpaka upande juu ya kreni.

Nimemdanganya Baba. Nimemwambia tunakwenda likizo kuona maporomoko. Ni kweli tutayaona, nyumba ya wageni tutakayofikia iko karibu nayo, lakini tunayemfuata hasa ni daktari wa masikio katika hospitali ya mji ule.

Ilianza kliniki, siku ya chanjo. Muuguzi aliangusha mfuniko wa ndoo ya chuma nyuma ya Mhariri. Watoto wote chumbani wakaangua kilio. Wetu aliendelea kutafuna kadi yake. Mimi nikacheka, nikamwambia muuguzi, "Huyu amelelewa na babu yake, hashtuliwi na kelele." Muuguzi hakucheka. Alichukua kengele ndogo, akaipiga karibu na sikio hili, akaipiga karibu na sikio lile, kisha akatuandikia tuje huku.

Siamini, na nisikilize kwa nini. Nyumbani anageuka! Baba akigonga sakafu, Mhariri anageuka kabla yangu. Nikipiga meza kwa kiganja, anageuka. Kiziwi gani anageuka? Basi najiambia wamekosea, halafu najiambia tena.

Utauliza kwa nini simwambii Baba. Kwanza atachapa kijitabu dhidi ya hospitali. Pili, na hili ndilo hasa, tangu Mama afariki unajua Baba anamsomea nani makala zake? Nikienda shuleni kufundisha anamketisha mtoto juu ya ile meza ya chumba cha nyuma, hamwachi atoke machoni pake hata kidogo, anamsomea mwanzo mpaka mwisho huku mikono yake inaruka hewani kama yuko jukwaani. Mhariri anamkodolea macho bila kupepesa. Nitamwambiaje mtu huyo kwamba msikilizaji wake pekee hajasikia neno?

Ngoja nikuchekeshe. Mbele yetu ameketi mama mmoja muuza vitambaa.

"Mzuri mwanao. Anaitwa nani?"

"Mhariri."

"Hilo jina au cheo?"

"Vyote viwili, mama."

Akaanza kutusimulia uzazi wake wote, mtoto mmoja baada ya mwingine. Mhariri akamtazama mdomo, akamtazama, akamtazama, halafu akainua mkono na kukunja ngumi mbele ya pua yake.

"He! Kananitishia!"

"Hakutishii, mama. Anasema basi, imetosha."

"Basi kwa ngumi? Huyu mpeni wizara."

Unaijua ngumi yenyewe, ile anayoikunja akishiba uji. Ameiokota kwa Baba, mambo ya kiwandani hayo.

Tulipoingia kwenye handaki giza likatufunika, nikamkaza kifuani nikingoja kilio. Hakulia. Alikuwa amebandika shavu kwenye kioo, na kioo chote kilikuwa kinatetemeka. Tukatoka, mwanga ukatupiga, bonde zima likafunguka chini yetu, mashamba kama viraka, mto kama uzi uliodondoka. Nafundisha jiografia miaka yote hii, nimechora mabonde mpaka chaki imenikaa kifuani, na sikuwahi kulitazama bonde moja kutoka juu. Nikamgeukia nimwonyeshe. Alikuwa bado ameegemeza shavu pale pale, amefumba macho, anatabasamu. Sijui alikuwa wapi. Popote alipokuwa, mimi sikualikwa.

Mkeo


Bwawani,
Alhamisi, 5 Juni

Mama Mhariri,

Barua imefika ikiwa na doa la uji. Nimelinusa mbele ya watu, wakanicheka.

Nami nina la kwako. Nilipokuja nyumbani mara ya mwisho nilimpigia mluzi, ule ambao hata mbwa wa kambini wanaujua. Hakugeuka. Nikadhani ananidharau, amemrithi babu yake. Sikutaka kukutia hofu, nikanyamaza. Kumbe tulikuwa tunafichana kitu kimoja.

Mwambie mzee. Atafoka, najua. Alifoka nilipokuja kukuposa, na kabla ya hapo alifoka kwamba nachelewa kuja kukuposa. Lakini yule hasomi barua, anazipekua. Usipomwambia atalijua kwenye alama za mkato.

Swali langu ni moja na limeninyima raha hata ya kula. Mimi huonekana nyumbani kwa nadra. Nilikuwa nimejiandaa kuwa sauti: ile sauti ya kwenye simu, akikua kidogo ataijua, atasema huyo ni baba. Kama hasikii, atanijuaje?

Mumeo


Nyumba ya wageni,
Ijumaa, 6 Juni

Baba, shikamoo.

Tumefika salama. Chupa imevuja mpaka ndani ya kamusi yangu. Hapo umeshinda. Sasa nikujibu yaliyobaki.

Uliandika kwamba maporomoko hayatajua kama tumefika. Sisi ndio hatukujua! Tulitembea kwenye njia ya msitu, Mhariri mgongoni, mwenye nyumba ya wageni mbele na mwavuli wake. Nikauliza, "Bado mbali?" Akasema, "Yako hapo." "Hapo wapi?" Akaniambia niweke mkono kwenye mti. Nikaweka kiganja juu ya gome. Baba, mti ulikuwa unatetemeka. Msitu mzima ulikuwa unatetemeka kidogo kidogo, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, nami nilikuwa natembea ndani yake sina habari.

Kisha njia ikakata kona.

Nimekosa maneno, na wewe hukunilea kukosa maneno. Darasani huwa naandika ubaoni: maporomoko ni mahali mto unapoanguka kutoka juu ya mwamba mgumu. Watoto wananakili. Mungu anisamehe. Kilichokuwa mbele yetu kilikuwa kama mbingu imechoka kushikilia kitu, imekiachia, bado inakiachia, na haina mpango wa kuacha. Na maji hayana haraka. Hilo ndilo lililonitisha. Yanashuka mapande kwa mapande, meupe, taratibu, kila pande kama linafikiri, na yakishafika chini yanapanda tena kama moshi na kukulowesha uso. Nilihisi nimekuwa mdogo sana, na haikuniuma. Nilitamani kuendelea kuwa mdogo hivyo.

Nikamtoa Mhariri mgongoni, nikamgeuza. Kwanza alikosa pumzi, mdomo wazi. Kisha akaweka viganja vyote viwili kwenye chuma cha ukingo, akaviondoa, akaviweka kifuani pangu, akaviondoa, akaviweka kifuani pake, akacheka mpaka akalegea. Alisikia, Baba! Alisikia yale maji waziwazi, mwenye nyumba ni shahidi wangu. Mimi niliziba masikio kwa ule mngurumo, yeye akazidi kucheka. Alisikia kwa mwili mzima.

Kifungo cha blauzi hakukitazama.

Mwanao


Nyumbani,
Jumatatu, 9 Juni

Mama Mhariri,

Barua yako nimeisoma kwanza kwa hasira, kwa sababu ni nzuri. Ule mti ningeuchapa kama usingekuwa propaganda ya wenye mahoteli. Kisha nimeisoma kwa kalamu nyekundu, na sasa nina swali, usinizunguke.

Umeandika "alisikia" mara tatu katika aya moja. "Aliona" haimo kabisa, na mlikuwa mbele ya kitu cha kuonwa. Mtu akimpeleka mtoto sokoni harudi nyumbani akishangilia kwamba alinusa samaki. Kinachoshangiliwa ni kile kilichokuwa na shaka. Na umeniletea shahidi! Shahidi wa nini? Kuna kesi?

Vijana wa kiwandani niliwafundisha kuzisoma taarifa za mwajiri namna hii: litafute neno linalorudiwa bila sababu, uchimbe hapo, kuna kitu kimefukiwa. Sikudhani nitakuja kuchimba barua ya binti yangu.

Nani amesema mtoto hasikii? Na kama hilo ndilo lililokupeleka huko, kwa nini mimi niliambiwa ni likizo?

Jana nilikisomea kiti makala yangu mpya. Kiti hakina hoja.

Niambie. Usitie sukari.

Baba yako


Nyumba ya wageni,
Jumatano, 11 Juni

Baba,

Ni kweli. Nilikudanganya, nisamehe. Tulikuja kwa daktari wa masikio, na leo amemaliza kumpima.

Chumba chenyewe ni kidogo, kuta zake zimevikwa sponji, ukizungumza sauti inakufia mdomoni. Nilimpakata Mhariri. Msaidizi alikaa nyuma ya kioo akipiga milio: ya ndege, ya ngoma, ya honi. Mimi nilikuwa naruka kwenye kiti. Mhariri alikuwa anachezea kamba ya kiatu changu. Honi ile, Baba, ingemwamsha maiti. Nikawa namwomba Mungu kimoyomoyo, geuka mwanangu, geuka basi. Hakugeuka.

Halafu msaidizi akainuka, kiti chake kikaanguka sakafuni. Mhariri akageuka papo hapo! Nikapiga kelele, "Mnaona? Mnaona?"

Daktari, mama wa makamo, mpole, hana haraka, akaniuliza, "Nyumbani mnamwitaje?"

"Tunagonga sakafu."

"Nyote?"

"Nyote. Nyumba yetu iko hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu nazaliwa."

Akaitazama sakafu. Akaniomba nisimame kwenye zulia nene la korido na kumwita Mhariri kwa nyuma, kwa sauti yoyote niipendayo. Nilimwita. Nilimwita tena. Nilimwita mpaka watu wakatoa vichwa madirishani. Kisha daktari akarudi kwenye sakafu ya mbao na kugonga kisigino polepole, kama mtu anayejaribu ardhi. Mwanangu akageuza kichwa akamchekea.

Hasikii, Baba. Anazihisi mbao. Hata maporomoko hakuyasikia, aliyahisi, na mimi nikapiga vigelegele. Daktari anasema kasoro iko ndani kabisa, kwenye mshipa wa kusikia, amezaliwa nayo. Kuna vifaa vya kusikilizia watakavyojaribu, huenda vikamsaidia kidogo, huenda visimsaidie. Tutabaki hapa mpaka mwisho wa mwezi.

Nilianza kulia pale pale. Daktari akataka kumvisha Mhariri kifaa, Mhariri akainua mkono akakunja ngumi.

"Hii ni nini?"

"Anasema basi. Maana yake hasa ni 'simamisha mtambo', ni ya kiwandani kwa baba yangu."

"Ana nyingine?"

Basi nikaanza kumweleza huku kamasi zinanitoka. Kiganja kinachopinduliwa ni "karatasi", anataka gazeti la kuchana. Vidole mdomoni vikifuatiwa na kiganja wazi ni "mapumziko ya chai", ndiyo njaa yake. Mikono miwili ikisuguana ni "kazi imekwisha", nepi imejaa. Nilikuwa nasema kama mtu anayetaja vyombo vya jikoni kwake, sijawahi kuona ajabu yoyote. Daktari akaweka kalamu chini. Akaniambia, "Mama, watoto wengi hufika kwangu hawajawahi kuambiwa kitu na mtu yeyote. Huyu ameambiwa mambo kila siku. Hana sauti, lakini ana mazungumzo. Kinachoweza kumdhuru sasa ni kukatiwa mazungumzo."

Ndiyo maana hakuna aliyegundua. Nyumba nyingine yoyote ingegundua mapema. Kwetu tunaitana kwa visigino na kuombana chumvi kwa vidole, mtoto kiziwi akaingia humo akakaa kama samaki majini.

Kisha daktari akauliza swali la mwisho: katika nyumba yenu ni nani mwingine asiyesikia? Nikasema hakuna. Nilisema haraka, kwa uhakika kabisa. Nimetembea nalo tangu mchana. Baba, ni lini mara ya mwisho nilikuita ukiwa umenipa mgongo, ukageuka?

Mwanao


Nyumba ya wageni,
Jumanne, 17 Juni

Baba,

Posta huja hapa kila siku na barua yako haimo. Nimempigia simu mama wa duka la jirani. Anasema hujambo, umejifungia, na mtambo wa chumba cha nyuma unagonga mchana kutwa.

Kama ni kijitabu dhidi yangu, kilete nikisome.

Nilimuuliza daktari jambo ambalo huenda unajiuliza. Amesema uziwi wa kelele za mitambo haurithiwi. Mhariri hakuupata kwako. Alichokipata kwako ni ile mikono.

Leo alitembea hatua zake za kwanza kutoka kitandani mpaka dirishani. Alipofika alitazama nyuma, akamtafuta mtu fulani chumbani. Si mimi. Mimi nilikuwa mbele yake.

Mwanao


Nyumbani,
Alhamisi, 19 Juni

Mwanangu,

Nimechapa majibu mengi nikayachoma. La kwanza liliitwa "Dhidi ya Upimaji wa Masikio". Lilikuwa zuri ajabu, lina hoja, lina mwendo, lina kejeli mahali pake. Kasoro yake ni kwamba halikuwa na chembe ya ukweli.

Mimi si kiziwi. Nimestaafu kusikia, na tofauti hiyo niko tayari kuijadili na yeyote. Mtambo ulianza kwa kunichukulia sauti ndogo: kijiko kwenye kikombe, ndege, mvua ikianza. Halafu ukaingia kwa watu. Kiwandani hatukujua nani anasikia na nani hasikii, kelele ilikuwa imetusawazisha, sote tulizungumza kwa mikono. Nyumbani mama yako alijua kabla yangu. Siku moja aliacha kuniita, akaanza kugonga sakafu kwa kisigino. Hakuniuliza kitu, hakumwambia mtu, nanyi watoto mkakua mkidhani kila nyumba duniani hugonga.

Watu hunisifu kwamba sijawahi kushindwa mjadala. Sasa unajua ufundi wenyewe. Sijawahi kusikia hoja ya upande wa pili.

Cheka, nimekuruhusu.

Ila hilo la daktari, kwamba mtoto ameambiwa mambo kila siku, ulidhani litanipa fahari. Limenitia woga. Nilipokuwa namsomea, macho yake yalifuata mikono yangu, nikadhani anafuata hoja. Mikono hiyo siiamuru, inaropoka yenyewe. Sijui nimemwambia nini. Na kuna jambo jingine. Nimekaa peke yangu ndani ya kichwa hiki miaka mingi, nikajifunza kutabasamu watu wanapotabasamu, nikajifunza kuzungumza mfululizo ili asipatikane mwenye nafasi ya kuniuliza. Nilifanikiwa kuficha hata kwako. Mzee anaweza kuishi hivyo. Yeye asijifunze kuishi hivyo. Sitakubali. Nitapigana na mtu yeyote juu ya hilo, nikianza na mimi mwenyewe.

Nakuja kwa treni ya Jumapili. Nikionwa stesheni nitasema nakwenda mazishini, nina jina la kulinda.

Baba yako


Nyumba ya wageni,
Jumatano, 25 Juni

Mkwe wangu,

Naandika kwako kwa sababu mke wako amelala mchana, na amestahili.

Nimepimwa. Nilibishana na daktari kwanza, nikimsoma midomo. Ni mpinzani mzuri, hapandishi sauti, jambo ambalo kwangu halina faida hata hivyo. Amenipa vifaa vya kujaribu. Kitu cha kwanza nilichosikia katika miaka mingi ni viatu vyangu mwenyewe. Vinalia vibaya mno, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia. Mhariri vyake havijamletea chochote mpaka sasa. Daktari anasema tuvumilie, lakini tusiahirishe maisha tukivingoja. Hapo nimekubaliana naye na ninaomba isitangazwe.

Jana nilikwenda kuyaona maporomoko. Nilikwenda kubishana nayo. Nilikuwa nimeandaa sentensi ya kufungulia. Nikavua vifaa, nikambeba mtoto mkononi, tukakata kona ile, na mkwe wangu, sentensi ikanitoka kichwani kama haikuwahi kuwamo. Nimeishi na kelele, najua mtambo unavyokuingia kwa nyayo na kukutoka kwa meno. Mtambo una mtu anayeuzima. Hiki hakina. Kilinipanda miguuni, kikanijaa kifuani, nikasikia moyo wangu unasogea kukipisha. Nilikuwa mbele ya kitu kilichokuwa kikisema kabla mtu wa kwanza hajafumbua mdomo, na hakijawahi kusubiri kujibiwa. Nikamtazama mtoto. Ameweka kiganja kifuani pangu, ananitazama usoni kuona kama mimi pia kimenifikia. Mkwe, tulikuwa tunasikia sawasawa, yeye na mimi. Watalii wote pale walikuwa wameziba masikio. Vijitabu vyangu vitatu navitengua.

Sasa nije kwenye swali lako. Mke wako amenionyesha: atakujuaje kama hakusikii? Nilitaka kukutungia jibu refu. Badala yake nitakueleza jambo la leo asubuhi, na ukija usijitambulishe kwake wala usimfundishe kitu. Keti machoni pake na ungoje.

Tulikuwa mezani. Mwenye nyumba ana mazoea ya kumimina chai kutoka juu sana, birika amelinyanyua usawa wa bega, kujionyesha tu. Chai ikawa inashuka. Mhariri alikuwa anatafuna ganda la mkate. Akaliacha. Akainua mkono wake juu ya kichwa, juu kabisa, vidole vimeachana, kisha akaushusha taratibu huku vidole vyote vinatetemeka, mpaka ukafika mezani. Halafu akatutazama.

Mke wako ameshika kisu cha siagi, hasogei. "Baba, hiyo umemfundisha wewe?"

"Sikumfundisha."

"Ni ya kiwandani?"

Si ya kiwandani. Maji na karatasi havikai chumba kimoja, kiwandani hatukuwa na ishara ya maji. Hakuna mtu yeyote aliyemwonyesha. Ametoka kule jana na ule mlima mzima wa maji, amelala nao, ameamka, ameona uzi wa chai ukitoka kwenye birika, na amejua kwamba ni kitu kimoja. Amekitungia neno. Nimepanga herufi za risasi za kuchapia maisha yangu yote, maneno ya watu wengine yamepita mikononi mwangu kwa malori, na sikuwahi kuona neno likizaliwa. Limezaliwa mezani, kati ya mkate na siagi, nami nilikuwepo.

Akarudia, safari hii akinielekea mimi, kwa uso wa mtu anayeuliza kama ameeleweka.

Nikaweka kikombe chini. Nikainua mkono wangu juu, nikaushusha nikitetemesha vidole. Havitetemeki vizuri, vimekakamaa. Akaniangalia mpaka mwisho. Halafu akainuka kwenye kiti, akavishika vidole vyangu viwili kwa mkono wake uliojaa makombo, akavipandisha tena juu, na akavishusha yeye mwenyewe, taratibu zaidi.

Babu yake